Kuweka barua pepe ya ofisi kwenye Thunderbird: mwongozo kwa watu wa Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukikaribia, maswali huwa yale yale. Karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) anataka barua za chama kikuu zifunguke kwenye kompyuta ya ofisini bila kuisubiri simu ya katibu. Mwenye nyumba ya wageni Mikindani au Kilwa Masoko hataki maombi ya vyumba yakae kwenye simu ya mtu mmoja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Masasi amelipia anwani yenye jina la duka lake, akapewa karatasi iliyojaa vifupisho. Wote wanaishia kuuliza: nikishafungua programu, naandika nini, wapi?

Sababu ya kuhangaika na programu wakati brauza ipo ni moja. Programu inaziweka barua ndani ya kompyuta yenyewe. Bando likiisha, au mtandao ukilala kama ulivyolala Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, barua ya juzi bado unaifungua, unaichapa, na jibu lake unaliandika likasubiri mtandao urudi.

Hapa tunatumia Thunderbird, programu ya barua pepe. Ni ya bure, inakubali Gmail, Yahoo, Outlook na anwani za .co.tz kwa pamoja, na haidai kompyuta kubwa. Majina ya vitufe yameachwa kama utakavyoyaona kwenye skrini.

Kabla ya kuanza, kuwa na hivi

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11. Kama bado uko kwenye Windows 7 au 8.1, toleo la mwisho linalokubali ni la 115. Litafanya kazi, ila usilitegemee kwa miaka.
- Bando lisilopungua GB 1 kwa siku ya kwanza. Faili la kusakinisha halifiki MB 100. Kinachokula bando ni barua za zamani, na hatua ya 6 na ya 7 ni za kuzizuia.
- Anwani kamili na nywila yake. Ijaribu kwanza kwenye brauza. Ikikataa huko, hakuna programu itakayoikubali.
- Simu iliyounganishwa na akaunti hiyo, iwe imewashwa na ina mtandao. Hapa ndipo ofisi nyingi hukwama: akaunti ilifunguliwa kwa simu ya mwenyekiti, naye leo yuko shambani. Mpigie mapema: "Shikamoo mzee. Saa nne Google watakuuliza kwenye simu kama ni wewe unayeingia. Nitakutajia namba, uibonyeze hiyo hiyo." Asipoambiwa atadhani ni matapeli, atabonyeza hapana, na atakuwa na haki.
- Kwa anwani ya jina lako mwenyewe: jina la seva (kompyuta ya mbali inayoshughulikia barua) ya kupokea na la seva ya kutuma, kutoka kwa kampuni uliyoilipa. Mara nyingi zote mbili ni mail.jinalako.co.tz.
- Tarehe na saa sahihi. Kwenye orodha ya kanda za saa za Windows usiitafute Dar es Salaam. Chagua (UTC+03:00) Nairobi.

Anwani ya .go.tz ina utaratibu wake. Usiiweke kwenye kompyuta binafsi kabla ya kuongea na afisa TEHAMA wa halmashauri yako.

IMAP au POP?

Hizi ni njia mbili za programu kuchukua barua kwenye seva. Chagua IMAP. Barua inabaki kwenye seva, na kompyuta, simu ya katibu na brauza zote zinaona kitu kimoja. POP inaishusha barua kwenye kompyuta, na kama kisanduku cha "Leave messages on server" hakina tiki, inaifuta kwenye seva. Hapo ndipo mtu anapiga kelele kwamba barua za ofisi zimeibwa, kumbe zote ziko kwenye kompyuta ya chumba cha pili. POP inafaa pale tu seva uliyolipia ina nafasi ndogo mno na kompyuta inayopokea ni moja.

Hatua

1. Fungua thunderbird.net na upakue kutoka hapo tu. Usichukue faili kwenye flashi ya rafiki wala kwenye kompyuta ya steshenari, maana huko virusi havikosekani. Ukishapakua, bofya faili mara mbili, chagua "Standard", kisha "Install".

2. Kama intaneti yako ni hotspoti ya simu, iambie Windows kabla hujaendelea: Settings, kisha Network & internet, chagua Wi-Fi yako, fungua sifa zake, washa "Metered connection". Bila hivyo Windows itaona intaneti imepatikana, ianze kupakua masasisho yake, na lawama zote aibebe Thunderbird.

3. Fungua Thunderbird. Kwenye "Your full name" andika jina ambalo mpokeaji ataliona. Kwa ofisi andika jina la chama au la biashara, kwa sababu karani atabadilika na jina litabaki. Chini yake weka anwani kamili. Soma herufi moja moja: gmail.con, na nafasi iliyojificha mwishoni baada ya kunakili kutoka WhatsApp, ni makosa ya kila siku. Bofya "Continue". Mpangilio wa kurasa hizi unatofautiana kidogo kati ya matoleo, lakini maswali hayabadiliki.

4. Kwa Gmail, Yahoo na Outlook, programu itazitambua seva yenyewe. Hakikisha tu IMAP ndiyo iliyochaguliwa, kisha endelea. Litafunguka dirisha la Google, Yahoo au Microsoft lenyewe, na humo ndimo utakapoandika nywila. Simu ya mwenyekiti ikiuliza, mtajie namba iliyo kwenye skrini. Kisha bofya kitufe cha kuruhusu. Kwa Outlook, ingia kwanza kwenye mipangilio ya akaunti kupitia brauza uhakikishe IMAP imeruhusiwa. Kwa Gmail huhitaji tena: tangu Januari 2025 IMAP iko wazi muda wote, na swichi ya zamani imeondolewa.

   Ukikuta video inayokuambia uwashe "less secure apps", achana nayo. Google iliwafungia watumiaji wa kawaida mlango huo mwaka 2022.

5. Kwa anwani ya .co.tz au .or.tz uliyolipia, bofya "Configure manually" au "Edit configuration" na ujaze mwenyewe.

   Kupokea: IMAP, seva mail.jinalako.co.tz, poti 993, usalama SSL/TLS, uthibitisho "Normal password".

   Kutuma: SMTP, seva ile ile, poti 465, usalama SSL/TLS, uthibitisho "Normal password". Kama 465 haipiti, weka 587 na ubadilishe usalama uwe STARTTLS.

   Poti na usalama huenda kwa jozi: 465 na SSL/TLS, 587 na STARTTLS. Ukizichanganya hupati hata ujumbe wa kosa. Programu inazunguka tu mpaka muda unaisha, nawe unadhani mtandao ni mbovu. Poti 25 iache kabisa, watoa huduma wengi wa intaneti wanaiziba.

   Sehemu ya "Username" weka anwani nzima, mauzo@jinalako.co.tz, kwa kupokea na kwa kutuma. Programu hupenda kuweka kile kipande cha kabla ya @ peke yake. Ukikiona, kifute uandike yote.

   Bofya "Re-test", halafu "Done".

6. Mara tu akaunti inapotokea upande wa kushoto, bofya alama ndogo iliyo pembeni kabisa chini kushoto ili programu ikae nje ya mtandao. Unaweza pia kubonyeza Alt, menyu zitokee juu, kisha File, Offline, "Work Offline". Ikiuliza kama ipakue barua kwanza, kataa. Watu huona hatua hii ni ya kupoteza muda. Sababu yake ni kwamba Thunderbird, isipoambiwa, hushusha kila barua ya kila folda. Akaunti ya chama iliyojaa picha za stakabadhi za miaka mitano inaweza kumaliza bando lako kabla hujarudi na chai.

7. Ukiwa bado nje ya mtandao, bofya jina la akaunti kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Settings", kisha "Synchronization & Storage". Weka hivi:

   - Acha tiki kwenye "Keep messages in all folders for this account on this computer".
   - Chagua "Synchronize the most recent" na uweke siku 30. Msimu wa mnada weka 90 kama bando linaruhusu.
   - Weka tiki kwenye "Don't download messages larger than" na uandike 2000 KB. Namba inayokuja yenyewe ni 50, nayo ni ndogo mno: kila PDF itabaki kwenye seva, na siku mtandao ukikosekana utafungua barua ukute kichwa bila mwili.
   - Kwa Gmail, fungua "Advanced" uondoe tiki kwenye "All Mail". Folda hiyo ina kila kitu, hata ulivyohifadhi zamani.

   Onyo. Chini ya ukurasa huo huo kuna sehemu ya kufuta barua za zamani. Iache kwenye "Don't delete any messages". Ukiweka ifute zilizozidi siku 30, haipunguzi nafasi ya kompyuta peke yake. Inafuta na asili zilizoko kwenye seva, moja kwa moja. Mtu akija na malalamiko kwamba barua za mwaka mzima zimeyeyuka, hapa ndipo pa kuangalia kwanza.

   Nenda "Server Settings". Programu hukagua barua kila dakika 10. Kwa bando dogo weka 30, na uondoe tiki kwenye "Allow immediate server notifications".

8. Rudi mtandaoni kwa alama ile ile ya chini kushoto. Subiri vichwa vya barua vishuke. Hata kwa mpangilio wa siku 30, orodha ya vichwa vyote lazima ije, kwa hiyo Inbox yenye barua maelfu itachukua dakika kadhaa mara ya kwanza. Usizime.

9. Jaribu kwa njia tatu. Tuma barua kwenda anwani nyingine kabisa, siyo kwako mwenyewe. Mwambie aliyeipata ajibu. Halafu fungua akaunti kwenye simu uangalie kama barua uliyotuma ipo kwenye Sent. Ikikosekana huko, rudi kwenye Settings za akaunti, "Copies & Folders", uhakikishe nakala zinawekwa kwenye "Sent" ya akaunti, siyo ya "Local Folders".

   "Local Folders" ni kabati la kompyuta hiyo peke yake. Ukiburuta barua kutoka Inbox ukaidondosha humo, imeondoka kwenye seva, na simu ya katibu haitaiona tena.

10. Funga mlango. Nenda Settings za Thunderbird, "Privacy & Security", weka tiki kwenye "Use a Primary Password". Usipoweka, yeyote anayekaa kwenye kiti chako anaweza kufungua "Saved Passwords" pale pale na kusoma nywila zako kwa herufi zake. Kwenye ofisi ambayo kompyuta ni moja na vijana wa kujitolea wanapishana, hatua hii si ya kuruka. Na kompyuta ya steshenari usiiwekee akaunti kabisa, hata kwa nusu saa.

Viambatisho

Gmail inakubali MB 25 kwa barua nzima, lakini faili likisafiri kwa barua pepe hunenepa kwa takriban theluthi moja. Kwa hiyo hesabu MB 18 kuwa ndiyo mwisho wako. Karatasi za mzigo wa ghalani zikiskaniwa kwa dpi 600 na rangi zinakuwa mzigo kweli. Mwambie anayeskani aweke dpi 150 au 200, nyeusi na nyeupe. Maandishi yatasomeka vizuri, na barua itapita hata kwa mtandao wa kijijini.

Inapokataa

*"Unable to log in at server."* Kwa Gmail na Yahoo, kosa mara nyingi si nywila bali aina ya uthibitisho. Fungua "Server Settings" na uweke "OAuth2", yaani kuingia kupitia dirisha la Google au Yahoo lenyewe. Fanya hivyo hivyo kwenye "Outgoing Server", maana wengi hurekebisha kupokea wakasahau kutuma. Kama kompyuta ni ya zamani na OAuth2 haifunguki, tumia nywila ya programu: washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya Google, kisha fungua myaccount.google.com/apppasswords. Utapewa herufi 16 za kuweka mahali pa nywila. Zinaonyeshwa kwa mafungu ya nne nne, ziandike bila nafasi. Siku utakayobadilisha nywila kuu ya Google, herufi hizo zitakufa na utatengeneza nyingine.

*Dirisha la Google linafunguka jeupe, au linakurudisha mwanzo.* Thunderbird imekatazwa kupokea vidakuzi. Settings, "Privacy & Security", weka tiki kwenye "Accept cookies from sites", funga programu, fungua tena.

*Barua zinaingia, hazitoki.* Tatizo ni la SMTP peke yake, usiguse ya kupokea. Angalia jozi ya poti na usalama. Ukiona neno "relaying" kwenye ujumbe wa kosa, seva ya kutuma haijui wewe ni nani: uthibitisho umewekwa "No authentication". Weka "Normal password" na jina la mtumiaji liwe anwani nzima.

*Inaonya kuhusu cheti (kitambulisho cha usalama cha seva) na kukupa kitufe cha "Confirm Security Exception".* Usikibofye kwa haraka. Angalia saa ya kompyuta kwanza. Laptopu au kompyuta ya mezani inayorudi mwaka wa zamani kila umeme ukikatika ina betri ndogo ya ndani iliyokufa. Kwenye kompyuta za mezani ni CR2032, ile bapa ya duara kama shilingi, na mafundi saa huwa nayo. Seva ikisema cheti chake kimeanza mwaka huu na kompyuta inaamini ni 2015, hawataelewana. Kama saa iko sawa na anwani ni ya .co.tz, huenda cheti kimeandikwa kwa jina la seva ya kampuni iliyokuuzia, siyo la kwako. Waulize jina hilo, uliweke badala ya mail.jinalako.co.tz. Kama ni Gmail, saa iko sawa na onyo bado linatokea, usiendelee kwenye mtandao huo. Badilisha hotspoti.

*Nywila iliyofanya kazi jana leo inakataliwa, na ofisi nzima haiingii.* Kwa anwani za kulipia, seva nyingi hufungia mtandao unaokosea nywila mara nyingi. Simu moja yenye nywila ya zamani inatosha: inajaribu kila dakika, na wote mnaotumia intaneti ile ile mnafungiwa pamoja nayo. Itafute simu hiyo, irekebishe, halafu mpigie aliyekuuzia huduma awafungulie. Ukitaka kuthibitisha, unganisha kompyuta kwa hotspoti ya simu nyingine. Ikiingia, ndiyo hilo.

*Folda iko tupu baada ya umeme kukatika.* Barua hazijapotea, faharasa ndiyo imeharibika. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, "Properties", kisha "Repair Folder". Kwa IMAP inaweza kuzishusha upya, basi hakikisha bando lipo.

*Kompyuta inabadilishwa.* Kwa IMAP barua zenyewe zitarudi kutoka kwenye seva, lakini "Local Folders" na orodha ya anwani hazitarudi. Funga Thunderbird kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%\Thunderbird kisha Enter. Nakili folda ya "Profiles" na faili la profiles.ini kwenda diski ya nje. Kwenye kompyuta mpya sakinisha Thunderbird, ifungue mara moja na kuifunga, kisha vibandike mahali pale pale. Toleo la kompyuta mpya lisiwe la zamani kuliko lile ulilotoka nalo, la sivyo litakataa kuifungua akaunti hiyo.